Gari la mwaka 1901 lisilowahi kupakwa rangi upya: weusi ule ni rangi au ni umri?

#1 Mkaazi wa Crawley

Salaam wanajukwaa. Ninaishi Crawley, kusini mwa London, na kila Jumapili ya kwanza ya Novemba magari ya kale yanayotoka Hyde Park kwenda Brighton hupita mtaani kwetu na kupumzika kidogo kabla ya kuendelea. Sharti kuu la kuingia katika msafara huo ni kwamba gari liwe limeundwa kabla ya tarehe 1 Januari 1905. Mengi yanang'aa kama yametoka kiwandani asubuhi hiyo.

Safari hii lilisimama mbele yangu De Dion-Bouton dogo la mwaka 1901, lile la viti vinavyotazamana, ambalo abiria hukaa mbele wakimpa uso dereva na injini iko nyuma chini ya kiti. Ngozi ya viti imepasuka na singa za farasi zimechomoza. Mpini wa usukani umelainika kwa viganja vya watu wa zaidi ya karne moja. Bodi yote ni nyeusi, weusi wa sufuria iliyozoea kuni.

Kibao cha namba cha nyuma kilikuwa kimelegea, na mwenye gari, mzee mpole sana, akatoa bisibisi akakifungua ili akikaze upya. Nyuma ya kibao palikuwa na mstatili wa kijani kibichi kama jani changa la mgomba, na katikati yake ulipita mstari mwembamba wa rangi ya maziwa uliochorwa kwa mkono. Niliuona kwa dakika moja tu, kisha akakirudisha kibao. Aliniambia kwamba gari halijawahi kupakwa rangi upya tangu litoke kiwandani Ufaransa.

Nina maswali mawili. Kijani kile kiligeukaje kuwa cheusi? Na je, mzee huyu anafanya sawa kuliacha hivyo?

#2 Fundi Rangi wa Gerezani

Ahsante kwa uzi mzuri. Swali la kwanza jibu lake ni vanishi.

Magari ya wakati ule yalipakwa rangi kwa mtindo wa magari ya farasi. Fundi alianza na matabaka ya msingi yenye risasi nyeupe, akasugua kwa jiwe la povu na maji, akapaka tena na kusugua tena, ndipo akaja kwenye rangi yenyewe, kisha mistari ya mapambo, na mwisho matabaka kadhaa ya vanishi ya mafuta ya kitani na utomvu wa miti. Kazi yote ilichukua wiki nyingi kwa sababu kila tabaka lilihitaji siku zake za kukauka. Vanishi ya aina hiyo hugeuka manjano, kisha kahawia, kadiri inavyozeeka. Ukitazama bluu kupitia vanishi iliyozeeka utaona kijani, na ukitazama kijani kilichokoza utaona kitu kinachokaribia weusi.

Mimi nimeliona jambo hili kwenye kabati la marehemu bibi yangu. Mbao zilikuwa nyeusi kabisa, lakini nilipopitisha kitambaa chenye spiriti pembeni, chini yake palikuwa na rangi ya asali. Msimwambie mzee ajaribu kitambaa hicho, kwa maana akikosea dakika moja ataondoa na mstari wa maziwa.

#3 Mzee wa Peugeot

Swali la pili ndilo lenye uzito. Gari ni chuma, na chuma kisichokuwa na rangi kinakufa. Mimi ninaishi Tanga, na yeyote aliyekaa karibu na bahari anajua kutu inavyoanza kama nukta ya kalamu kwenye mkunjo wa mlango, na kufikia masika inayofuata unapitisha kidole. Kumwachia mtu gari la mwaka 1901 likiwa na ngozi iliyopasuka, eti kwa sababu ni la asili, naona ni kulinyima haki yake. Lisafishwe, lipakwe kijani chake, watoto waone lilivyokuwa siku lilipouzwa.

#4 Mwalimu wa Kemia

Shikamoo Mzee wa Peugeot. Nitaanza na kumrekebisha kidogo Fundi Rangi kuhusu #2. Vanishi inaweza kuwa sehemu ya jibu, lakini sidhani kwamba inatosha kupeleka jani la mgomba hadi kwenye sufuria ya kuni.

Kijani kilichotumika sana kwenye magari na mashine za enzi hizo kilitengenezwa kwa kuchanganya bluu ya Prussia na manjano ya kromati ya risasi. Manjano hayo yana udhaifu wa aina mbili. Yakipigwa na mwanga kwa muda mrefu huanza kuwa ya kahawia. Tena, kwa sababu yana risasi, yakikutana na gesi yenye salfa hutengeneza salfidi ya risasi, ambayo ni nyeusi. Uingereza ya miaka ile ilipika, ilipasha nyumba joto na kuendesha viwanda kwa makaa ya mawe, na moshi wa makaa una salfa. Gari lililowekwa miongo kadhaa katika banda lenye jiko la makaa lingeweza kugeuka rangi bila mtu kuligusa.

Zingatieni pia suala la kibao. Vibao vya namba vililazimishwa Uingereza kuanzia tarehe 1 Januari 1904, kwa sheria ya mwaka 1903, ile ile iliyopandisha mwendo wa juu hadi maili 20 kwa saa. Kwa hiyo, ikiwa kibao hicho ndicho cha kwanza, mstatili ule wa kijani ulipigwa na jua kwa takribani miaka mitatu tu, kisha ukafunikwa.

#5 Makanika Mstaafu

Mwalimu umesema vyema, lakini umejenga nyumba juu ya neno "ikiwa". Nani amehakikisha kwamba kibao hicho ni cha mwaka 1904?

Mimi nina maelezo mepesi zaidi. Mtu fulani, labda miaka ya 1910, alinunua gari la kijani akataka liwe jeusi. Madaktari walikuwa miongoni mwa wateja wa mwanzo wa magari madogo kama haya, na daktari wa wakati ule angependa rangi ya heshima. Akachukua brashi na kopo la rangi nyeusi, akapaka gari zima bila kujisumbua kufungua kibao cha namba. Nimefanya kazi gereji kwa miaka thelathini na nne na nimeona magari yaliyopakwa hadi juu ya raba za milango. Mpaka rangi mvivu hafungui skrubu.

Hata huo mwaka 1901 unahitaji ushahidi. Kampuni ya De Dion-Bouton mwaka 1900 ilitengeneza magari kama 400, lakini injini zilikuwa 3,200. Injini nyingi ziliuzwa kwa waundaji wengine wa magari na pikipiki. Namba ya injini inakueleza umri wa injini, haikuelezi umri wa gari.

#6 Mkaazi wa Crawley

Kuhusu mwaka, mzee alinionyesha cheti cha Veteran Car Club of Great Britain. Chama hicho kilianzishwa mwaka 1930, na kina watu wanaochunguza gari kipande kwa kipande kabla ya kulithibitishia mwaka lilioundwa. Gari lenye tarehe ya uongo lingewapa shida wote, kwa sababu tofauti ya Desemba 1904 na Januari 1905 ndiyo tofauti ya kuingia na kutoingia kwenye msafara.

Kuhusu mpaka rangi mvivu, ninakiri kwamba sikupitisha kidole kwenye ukingo wa ule mstatili kuona kama kuna ngazi, yaani tabaka la rangi nyeusi lililopanda juu ya kijani. Nilishangaa mno na nikabaki nimeduwaa.

#7 Binti Shangani

Nawasalimu nyote. Namjibu Mzee wa Peugeot kuhusu #3, kwa heshima.

Nyumbani kwetu Unguja tulikuwa na mlango wa nakshi ambao babu wa baba yangu aliukuta umeshazeeka. Miaka kumi na miwili iliyopita familia ilikubaliana kuutengeneza, na fundi mmoja akaja na mashine ya msasa. Kwa siku mbili aliondoa weusi wote, kisha akapaka mafuta mazito yenye kung'aa. Wageni waliusifu sana. Lakini pale kwenye fremu ya kulia, kwenye kimo cha bega, palikuwa na sehemu iliyolika na kulainika kwa mikono ya watu waliokuwa wakijishika wakivua viatu, na ndani ya pete za mnyororo ulionakshiwa palikuwa na mabaki ya rangi nyekundu ambayo hakuna aliyewahi kuyaeleza. Vyote viwili vimekwenda na vumbi la msasa. Leo mtu akiniuliza kama mlango ule ulikuwa na rangi nyekundu, sina cha kumwonyesha.

Ndiyo maana nasoma uzi huu kwa hofu. Nyinyi mnabishana kuhusu kijani na cheusi kwa sababu ushahidi bado upo. Mzee angelipaka gari lile, mjadala ungekuwa umekwisha kabla haujaanza.

#8 Mzee wa Peugeot

Binti Shangani, umenigusa na sitajifanya hukunigusa.

Marehemu baba yangu alikuwa na Peugeot 404. Alilinunua kwa sababu ya mashindano ya Safari, maana 404 ilishinda mwaka 1963, kisha 1966 na 1967 Bert Shankland wa kwetu Tanzania akiwa usukanini, na 1968 tena. Baba alikuwa na tabia ya kuandika kwa msumari, upande wa ndani wa boneti, kila alipobadilisha oili: tarehe na kilomita. Mistari ilikuwa imejaa kama ubao wa darasa. Alipofariki nikalipeleka gari gereji moja, nikasema lipakwe nyeupe ndani na nje. Walifanya kazi safi. Nilipofungua boneti nikakuta nyeupe tupu, nikakaa chini pale pale kwenye sakafu ya gereji.

Hata hivyo, sijabadili msimamo kuhusu chuma. Gari lile la baba bado liko hai kwa sababu lilipakwa. Ya majirani waliokuwa nalo la aina ile ile yaliishia kwenye chuma chakavu.

#9 Msomaji wa Gazeti

Naona wote mmesahau kwa nini msafara huu upo. Ni kumbukumbu ya siku ya mwaka 1896 Waingereza walipofuta sheria ya kumtembeza mtu mwenye bendera nyekundu mbele ya gari.

#10 Mwalimu wa Kemia

Msomaji wa Gazeti, hilo husemwa sana lakini si sahihi kabisa. Bendera nyekundu iliwekwa na sheria ya mwaka 1865, iliyoweka pia mwendo wa maili 4 kwa saa nje ya mji na 2 ndani ya mji. Sharti la bendera lenyewe liliondolewa mwaka 1878. Kilichobaki hadi 1896 ni mtu wa kutembea mbele, na sheria mpya ilimwondoa huyo na kuruhusu maili 14 kwa saa, ingawa wenye mamlaka walizishusha zikawa 12. Madereva walisherehekea kwa kwenda Brighton tarehe 14 Novemba 1896, na safari ya kumbukumbu ikaanzishwa mwaka 1927.

#11 Msomaji wa Gazeti

Nimesahihishwa, ahsante Mwalimu. Nitaacha kumwambia mwanangu habari ya bendera.

#12 Kijana wa Keko

Wakubwa shikamooni. Mimi najifunza umakanika na sijaelewa jambo moja. Kama gari halijakarabatiwa kwa miaka zaidi ya 120, linatembeaje kilomita 96 hadi Brighton?

#13 Makanika Mstaafu

Marahaba kijana. Kutokarabati si kutotengeneza, na hapo ndipo wengi hukosea. Matairi ya gari lile si ya mwaka 1901, wala mabomba ya mpira, wala betri. Spoku zilizokatika zimebadilishwa, na beringi zimemiminwa upya. Kinachoitwa kutokarabatiwa ni kwamba hakuna aliyelivua lote, akalisugua hadi chuma na kuliunda tena kama jipya. Kila fundi aliligusa pale tu palipouma.

Tena injini yenyewe ni rahisi kiasi cha kukufurahisha. Ni silinda moja. Vali ya kuingiza hewa haina kitu kinachoisukuma: pistoni ikishuka huivuta ikafunguka yenyewe, na springi nyepesi huirudisha. Oili haizunguki kama kwenye gari la leo, bali dereva huisukuma kwa pampu ya mkono kila baada ya mwendo fulani, na inayotumika huvuja au huungua. Gia ni mbili tu, kwa mkono ulio kwenye nguzo ya usukani: ukiuzungusha upande huu unapata gia ya polepole, upande ule ya haraka, katikati hakuna kitu. Gia ya kurudi nyuma kwenye yale ya mwanzo haikuwepo. Ukitaka kugeuza unashuka unasukuma.

Na ekseli ya nyuma ya De Dion, ambayo wazo lake lilikuwa la fundi wao Charles Trépardoux, imetumika hadi kwenye gari dogo la Smart. Trépardoux mwenyewe aliondoka mwaka 1894 kwa sababu yeye aliamini mvuke na wenzake wakahamia petroli.

#14 Fundi Rangi wa Gerezani

Makanika, oili inayovuja na kuungua umeitaja wewe mwenyewe. Basi ongeza hilo kwenye orodha. Injini iko nyuma, kibao cha namba kiko nyuma, oili inarushwa nyuma. Weusi wa sehemu ile unaweza kuwa oili iliyoshikamana na vumbi la barabara na kukauka juu ya vanishi. Sehemu ya mbele ya bodi ndiyo ingetueleza ukweli. Ndugu yetu wa Crawley, mbele nako kulikuwa na weusi ule ule?

#15 Mkaazi wa Crawley

Kulikuwa na weusi, lakini sasa unaponiuliza nakumbuka kwamba mbele ulikuwa na wekundu kidogo, kama chai ya rangi iliyochemka sana. Nyuma ulikuwa mzito zaidi.

#16 Mwalimu wa Kemia

Wekundu huo unamsaidia Fundi Rangi kuliko mimi. Nasema hivyo kwa haki.

#17 Msafiri wa Muscat

Nimefuata uzi tangu mwanzo. Naomba kuongeza swali ambalo halijaulizwa: kwa nini gari hili lilisalia na mengine yakapotea?

Nadhani lilisalia kwa sababu lilipitwa na wakati haraka sana. Kufikia mwaka 1906 gari la silinda moja lenye viti vinavyotazamana lilikuwa kitu cha jana, halina bei, kwa hiyo mwenye nafasi alilisukuma kwenye banda la farasi akanunua jipya. Wasio na nafasi waliyavunja, na injini ndogo za aina ile zilifaa kusukuma pampu ya maji au msumeno.

Afrika Mashariki tunakumbuka safari ya Luteni Paul Graetz, aliyeondoka Dar es Salaam tarehe 10 Agosti 1907 na gari lililoundwa Gaggenau, Ujerumani, akafika Swakopmund tarehe 1 Mei 1909, siku 630 baadaye. Lile lilikuwa gari la kazi, na magari ya kazi hutumika hadi yaishe.

#18 Binti Shangani

Ndugu wa Muscat, sikubaliani kwamba ni kusahauliwa pekee. Mkaazi ametuambia mpini umelainika kwa viganja. Gari lililosahauliwa bandani halilainiki mpini. Kuna mtu, au watu, walioliendesha miaka yote hiyo na kila mmoja akaamua kutolipaka. Huo ni uamuzi uliorudiwa vizazi na vizazi.

#19 Msafiri wa Muscat

Au lilitumika sana miaka ya mwanzo, likasahauliwa, kisha likaanza kutumika tena baada ya 1927. Viganja vya miaka mitano na vya miaka hamsini sidhani kama utavitofautisha kwa macho.

#20 Mzee wa Peugeot

Mnaosema lisiguswe mnaweza kunieleza habari ya Thomas Flyer? Ni gari la Marekani lililoshinda mbio za New York hadi Paris mwaka 1908. Liliondoka tarehe 12 Februari na kufika Paris tarehe 30 Julai, likiwa limepita hadi Siberia. Miaka ya 1960 tajiri mmoja, William Harrah, alilipata likiwa limechakaa sana, akalikarabati. Lakini hakulifanya jipya. Alimwita George Schuster, aliyekuwa ndani yake mwaka 1908 na bado alikuwa hai, akalithibitisha kwa alama za marekebisho waliyoyafanya njiani, kisha wakalirudisha katika hali lililokuwa nayo lilipoingia Paris, pamoja na uchakavu wake. Je, huo ni ukarabati au ni utunzaji?

#21 Fundi Rangi wa Gerezani

Kwangu mimi ni ukarabati. Mkwaruzo uliochorwa na fundi si mkwaruzo.

#22 Makanika Mstaafu

Na kwangu ni utunzaji, kwa sababu shahidi alikuwepo. Bila Schuster ingekuwa ni kubahatisha. Gari la Crawley halina Schuster, kwa hiyo liachwe kama lilivyo. Hapo nakubaliana na Binti Shangani, ingawa bado nasema rangi ile ni ya brashi.

#23 Kijana wa Keko

Wakubwa, kuna njia ya kujua bila kukwaruza? Mwalimu wetu wa karakana hutwambia tutazame mfereji wa kichwa cha skrubu, ule wa kuingizia bisibisi. Gari likipakwa rangi na skrubu zikiwa mahali pake, rangi hujaa kwenye mfereji. Kama ni uzee tu, mfereji haujai rangi.

#24 Makanika Mstaafu

Kijana, nimefurahi sana kusoma hivi. Mkaazi, muulize mzee.

#25 Mkaazi wa Crawley

Samahani kwa kimya cha wiki mbili. Nilimwandikia mzee, naye akanijibu kwa barua na picha tatu.

Picha ya kwanza ni skrubu za ubavuni. Mfereji mmoja umejaa kitu cheusi, miwili iliyo karibu nao ni misafi kabisa hadi unaona shaba. Ya pili ni ukingo wa ule mstatili wa kijani. Amepitisha ukucha, anasema anahisi kitu kidogo upande wa juu lakini hakihisi upande wa chini. Ya tatu ndiyo iliyonichanganya. Alifungua kishikio cha taa ya kushoto, na chini yake hapakuwa na kijani wala weusi. Palikuwa na kahawia, na ule mstari wa rangi ya maziwa unapita juu yake ukiwa wa manjano kama siagi.

#26 Mwalimu wa Kemia

Kahawia chini ya kishikio maana yake rangi ilikuwa imeshaanza kugeuka kabla kishikio hakijafungwa, kisha ikasimama pale ilipofunikwa. Hilo ni pigo kwa brashi ya Makanika, kwa sababu mstari wa mapambo bado unaonekana juu ya kahawia.

#27 Fundi Rangi wa Gerezani

Na maziwa kuwa siagi ni vanishi. Nilisema.

#28 Makanika Mstaafu

Taratibu, waheshimiwa. Inawezekana taa zilifungwa kwanza, brashi ikaja baadaye na kupita pembeni mwa taa na pembeni mwa kibao. Mfereji mmoja uliojaa hamjaueleza, wala ile ngazi ya upande wa juu. Kila kitu kinategemea kishikio kilifungwa lini.

Mkaazi, mwombe mzee apime hesi za bolti za kishikio hicho, yaani ile mizunguko iliyochongwa kwenye bolti. Zikiwa za milimita, huenda kilikuja na gari kutoka Ufaransa. Zikiwa za hesi nyembamba za Kiingereza, zile zilizowekewa viwango mwaka 1908, basi kilifungwa baada ya hapo, na kahawia ile ina umri tunaoweza kuukadiria. Atahitaji kipimo cha hesi, kile chenye meno kama ya msumeno. Asikazie bolti ikigoma. Atie mafuta na aisubiri hadi kesho yake.

#29 Mkaazi wa Crawley

Nimemwandikia usiku huu huu. Kipimo anacho, amesema kilikuwa cha baba yake.